Mgomba wa Bi Harusi Chini ya Taa ya Bluu

Mdogo wangu alipoposwa, aliyetutilia mchanga kwenye kitumbua chetu alikuwa koko, mama mzazi wa mama yetu. Alipewa habari kwa simu, akiwa kwake Lusangi amesimama juu ya kichuguu, maana kule mtandao unapatikana kwenye kichuguu tu. Akacheka, akamshukuru Mungu, akauliza kijana anafanya kazi gani. Tukamwambia anauza vipuri vya pikipiki Salamabila, anaswali, hanywi, na ana nyumba ya mabati. Akaridhika. Kisha akauliza, "Na mgomba?"

Simu ilikuwa kwenye spika, na sebule nzima ikasikia.

Kwetu, upande wa mama, msichana hatoki kwenda kwa mume mikono mitupu. Hutoka na chipukizi la mgomba lililong'olewa nyuma ya jiko la koko yake, na hulipanda nyuma ya jiko lake mwenyewe kabla hajapika chakula cha kwanza. Koko alilipata la kwake kwa njia hiyo. Mama naye alikuja nalo Kasongo akiwa bi harusi, limefungwa kwenye khanga kuukuu, na ndizi za mgomba ule ndizo zilizotulea sisi sote: fupi, nene, ukizichemsha zinageuka rangi ya siagi na huhitaji mboga. Lakini ugonjwa wa migomba ulikuwa umeingia. Majani yalianza kusimama juu yamebanana kama ufagio, migomba ikadumaa, na mwishowe mama akang'oa wake wote akachoma. Kwa koko lilikuwa limebaki shina moja tu, na migomba ya jirani zake yote ilikuwa inaugua. Kumpa bi harusi chipukizi la pale ilikuwa kumpelekea mkwe ugonjwa shambani.

"Basi muozeshe tu," koko akasema kutoka kwenye kichuguu. "Miye sikatazi ndoa. Lakini bila mgomba sitoki nje kumsindikiza. Nitabaki ndani, nitawasikia mukiondoka."

Mtu wa mbali anaweza kusema, na iwe hivyo. Kwetu, bi harusi asiyesindikizwa na koko yake hadi barabarani anaondoka kama aliyefukuzwa, na watu watamkumbusha hilo mpaka azae wajukuu. Mdogo wangu akajifunika uso kwa mtandio akaanza kulia. Na mimi, mdomo ukiwa umetangulia akili kama kawaida yangu, nikasema, "Mgomba utapatikana. Mimi nitautengeneza."

Wakanitazama kama mtu aliyesema atatengeneza mvua.

Nijieleze. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Nilisomea kilimo, na huko nilikosomea nilifundishwa kitu ambacho mpaka leo kinanifanya nitabasamu peke yangu njiani: kwamba unaweza kuchukua kipande cha moyo wa mgomba, kidogo kama punje ya mchele, ukakiweka ndani ya bokali safi, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, juu ya jeli yenye sukari na chumvi zake, nacho kikakua. Kikavimba, kikazaa vidonge, na kila kidonge kikawa mgomba. Na kwa kuwa ule moyo wa ndani kabisa mara nyingi ugonjwa haujaufikia, miche inatoka safi. Shule ilinipa stoo ya zamani iliyokuwa na madawati mabovu, nami nikaigeuza labo. Sufuria ya presha ndiyo mashine yangu ya kuua vijidudu. Meza ya kukatia niliigongea boksi la vioo. Bokali ni zile za siagi ya karanga na za nyanya za kopo la kioo, nawaomba watu wote wa mtaa wasizitupe.

Jambo la pili la kujua kuhusu mimi ni kwamba mimi ndiye mkubwa, na sijaolewa. Shangazi zangu husema nimeolewa na bokali. Huwa nawajibu kwamba bokali hairudi nyumbani na harufu ya pombe. Wanacheka, nami nacheka, na maisha yanaendelea. Ila nisiseme uongo: kwa kuwa mgomba wa koko hutoka na bi harusi tu, mimi sikuwahi kuwa na wangu. Kulikuwa na siku zile mgomba wa mama ukiwa hai, napita nyuma ya jiko, nauona, na moyoni nasema, na mimi je? Kisha najicheka nakwenda zangu.

Basi nikapanda pikipiki kwenda Lusangi. Barabara ile wakati wa mvua si barabara, ni ugali, na dereva wangu aliniteremsha kwenye kila kilima ili nisukume, halafu akanisifu kwamba nina nguvu kuliko abiria wa kiume. Nilifika nimepakwa matope hadi kwenye nyusi. Koko alinitazama akasema, "Huyu ndiye anakuja kutibu mgomba wangu?" Tukabishana jioni nzima. Hakutaka nikate chipukizi la shina lake la mwisho. Alinilaani kidogo kwa Kibangubangu, akanilisha sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akanilaani tena. Asubuhi nikakuta amekwisha lichimba mwenyewe, amelifuta udongo, amelifunga kwa jani.

"Ukiliua," akasema, "usirudi huku kuniambia. Tuma mutu mwingine."

Nililikata ganda baada ya ganda, kama kumenya kitunguu, mpaka nikafika kwenye moyo. Nikaugawa. Vipande vikaingia kwenye bokali, na kwa majuma mengi sikulala vizuri, maana bokali moja ikiota ukungu unaanza kuziogopa zote. Baadhi ziliota. Lakini nyingi zilibaki safi, na vile vipande vikavimba, vikazaa vidonge vyeupe vimebanana, mfano wa ugali wa muhogo uliomegwa na mtoto. Nilifurahi hadi nikawasalimia. Kila asubuhi: "Hamjambo?" Mlinzi wa shule alianza kunipita kwa mbali.

Weupe ule ndio uliokuwa shida yenyewe. Kidonge cheupe hakiwezi kujilisha. Kinakula sukari niliyokiwekea kwenye jeli, na siku ukikitoa bokalini ukakiweka kwenye udongo, kitakufa kwa njaa huku jua linakiwakia. Ili kiwe mgomba ni lazima kigeuke kijani. Ndani ya kila seli lazima vijengwe vile vyumba vidogo tunavyoviita kloroplasti, ambamo mmea hupikia chakula chake kwa mwanga. Ndani ya seli za kidonge changu vilikuwa bado ni mbegu tu za vyumba, na kinachoviamsha ni mwanga.

Na hapo radi ikapiga. Taa nyeupe ya labo ikaungua pamoja na kibadilishi cha umeme wa sola, na Kasongo nzima hapakuwa na taa kama ile. Ningeweza kuziweka bokali barazani kivulini, lakini barazani kuna mbuzi wa jirani, na jua likihama kidogo tu likazipiga, unapata mchuzi. Zaidi ya hayo nilikuwa nimeshikwa na homa ya kitu nilichokisoma zamani: kwamba seli zinazolelewa chupani haziupokei mwanga wote sawasawa, kwamba rangi ya mwanga ina neno lake, nyekundu inasema hivi na bluu inasema vile. Siku zote nilitaka kuona kwa macho yangu. Na nani Kasongo ana taa nyekundu na taa za bluu?

Shangazi, dada yake baba. Yeye ndiye anayekodisha mapambo ya harusi: viti vya plastiki, vitambaa, maua ya karatasi, na nyuzi ndefu za taa ndogo ndogo zinazotumia bateri ya sola, nyingine nyekundu, nyingine bluu.

"Taa zangu zimezoea maharusi," akasema, "hazijazoea matope."

"Na hii ni harusi, shangazi. Imeanzia bokalini tu."

Alinipa, kwa sharti kwamba zirudi kabla ya siku yenyewe. Nikachukua maboksi mawili makubwa ya televisheni. Moja nikalizungushia taa nyekundu kwa ndani, lingine za bluu, nikagawa bokali nusu kwa nusu, nikafunika kwa mapazia mazito. Dirisha nikaliziba. Mlangoni nikabandika karatasi: Mwanga mwingine hauruhusiwi. Nilikuwa mkali kweli kweli juu ya hilo. Mwalimu mwenzangu mmoja aliingia na tochi ya simu nikamfokea mpaka akaomba radhi. Walimu wakaanza kusema, hata jua linakatazwa kuingia kwa huyu mama, mwanaume ataingiaje?

Nilipotaka kukagua nilijifungia, nikaingiza kichwa chini ya pazia kama mpiga picha wa zamani, nikatazama kwa mwanga wa taa zile zile. Na nilichokiona, majuma yakipita, kiliniinua. Boksi la nyekundu lilikuwa bustani. Vidonge vimerefuka, vinang'aa, vina rangi ya waridi kama ufizi wa mtoto mchanga, vinene, vinapendeza kula. Nikahamia boksi la bluu, moyo ukashuka. Kule kila kitu kilikuwa kinazidi kuwa cheusi. Kwanza kama kivuli, kisha kama masizi ya sufuria. Vimeoza, nikasema. Bluu imeniulia nusu ya watoto.

Lakini nusu nyingine ilikuwa hai, na mimi si mtu wa kukaa matanga. Nilikwenda nyumbani nikatangaza: "Nyekundu imeshinda. Mgomba upo." Mama akapiga kigelegele akiwa na mwiko mkononi. Mdogo wangu akadai kuuona mgomba wake, nikampeleka, nikamwingiza kichwa chini ya pazia jekundu. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Dada, anapendeza huyu mutoto."

"Ni wako."

Akanikumbatia tukaangukia madawati. Tangu siku ile akawa anatembea Kasongo kana kwamba ardhi ina springi. Na mimi pia, kwa nini nifiche? Nilikuwa nafundisha huku naimba.

Ikafika siku ya kuamkia nikahi. Koko alikuwa njiani, amebebwa kwenye pikipiki, na jioni angefika. Shangazi alikuwa anataka taa zake. Asubuhi hiyo nilijifungia labo nikaanza usafi. Bokali za bluu, zile nyeusi, nikazipanga ndani ya sufuria kubwa ya presha, pale pale gizani kwa mwanga wa taa ya bluu, nikafunga mfuniko. Kilichooza bokalini hakimwagwi hivi hivi, huchemshwa kwanza ili ukungu wake usisambae. Nikaibeba sufuria hadi kwenye jiko la mkaa chini ya upenu, na mvua ikaanza. Mvua ya Kasongo haipigi hodi. Mkaa ukalowa wote, ukakataa kushika. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Mwisho nikasema, bahati yenu, mtachemshwa mchana, nikaiacha sufuria pale nikakimbilia nyumbani kusaidia mapishi.

Wakati huo huo shangazi na wenzake walikuwa sokoni wananunua vitenge vya sare, vile ambavyo wanawake wa upande wetu wangevaa kesho yake. Hapa lazima nieleze desturi ya soko letu. Wauza vitenge wanakaa chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki, na mashitingi mengi ni ya bluu. Chini yake kila kitu kinakula rangi ya bluu, hata meno ya muuzaji. Kwa hiyo hakuna mwanamke wa Kasongo anayenunua kitenge chini ya shitingi. Unakichagua, unakibeba hadi nje juani, unakikunjua, unakigeuza, unamwita hata mpita njia akusaidie macho, ndipo unaanza kubishania bei. Muuzaji asiyekubali kitenge chake kitoke nje, unajua ana lake jambo. Watoto wa kike tunafundishwa hivyo kabla hatujajua kufunga kitenge chenyewe.

Ila siku ile jua halikuwepo, mvua ilikuwa inamwagika, na shangazi alikuwa na haraka. Walinunua chini ya shitingi. Walichagua rangi ya kahawa iliyokolea, karibu nyeusi, rangi ya heshima kwa watu wazima, wakakata kwa wote.

Walirudi mvua ikiwa imekatika na jua limetoka kwa nguvu. Shangazi akakunjua kitenge katikati ya ua.

Kilikuwa chekundu. Si chekundu cha kujificha, la. Chekundu cha pilipili iliyoiva, chekundu ambacho kuku walikikimbia. Wanawake wakakizunguka. Mmoja, mnene, mpole, mjane wa mwalimu wa madrasa, akakishika akajipima kifuani akasema taratibu, "Nitaonekana kama moto wa nyika." Basi nikashindwa. Nilianza kucheka nikiwa nimesimama, nikaendelea nikiwa nimekaa, nikamalizia nimelala kwenye mkeka nashika mbavu. Mama alicheka mpaka akaacha pilau ishike chini. Shangazi peke yake ndiye hakucheka. Alinisimamia kichwani, kitenge mkononi.

"Unacheka nini, wewe? Chini ya ile shitingi kilikuwa cheusi. Nakuapia kwa Mungu, kilikuwa cheusi."

Nikaacha kucheka, nikakamata pindo la kile kitenge.

Cheusi chini ya bluu. Kitu chekundu, ukikitazama kwa mwanga wa bluu, kinageuka cheusi. Na kitu cha kijani je? Kijani nacho kinaunywa ule mwanga wa bluu, hakirudishi kitu machoni. Na kitu kisicho na rangi, kitu cheupe, ukikiweka kwenye mwanga mwekundu kitakuwaje? Kitakuwa na rangi ya ufizi wa mtoto. Mimi, mtoto wa Kasongo, niliyefundishwa kubeba kitenge nje kabla sijajua kukifunga, nilikuwa nimenunua mgomba chini ya shitingi. Na juu ya hapo nilikuwa nimebandika karatasi mlangoni ya kulikataza jua.

Na mkaa ulikuwa unakauka. Na mlinzi wa shule ni mtu mwema anayependa kusaidia: akiona sufuria iko juu ya jiko lisilowaka, ataliwasha.

Sikuaga. Nilitoka na khanga ya mapishi, mikono ina vitunguu, kiatu kimoja cha kwangu na kimoja cha mjane. Nikaruka kwenye pikipiki ya kwanza. "Shule, kimbia." Dereva akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Wanataka kunichemshia watoto." Aliendesha kama hajawahi kuendesha.

Mlinzi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anapepea kwa kifuniko cha ndoo. Moshi ulikuwa umeanza, moto bado. Nikamsukuma, masikini, na mpaka leo ananisimulia kwa watu. Nikaibeba sufuria hadi katikati ya uwanja ambapo hakuna kivuli chochote, nikafungua mfuniko, nikatoa bokali ya kwanza nikaiinua juani.

Kijani.

Kijani cha sombe changa. Kijani kimejaa hadi kwenye ncha za majani, maana vilikuwa na majani, madogo, yamejikunja kama sigara, na sikuwahi kuyaona kwa sababu nilikuwa natazama weusi. Nikatoa ya pili, ya tatu, nikazipanga kwenye nyasi kuzunguka miguu yangu. Zote. Niliruka. Nilimkumbatia mlinzi niliyekuwa nimemsukuma, nikamkumbatia na dereva wa pikipiki, ambaye alikuwa bado anatafuta watoto.

Kisha nikaingia labo, nikalitoa boksi la nyekundu, nikalifungua juani. Bustani yangu. Ilikuwa nyeupe, ya njano kidogo, shingo ndefu, dhaifu, kama mtu aliyelala ndani na malaria. Kama ningempa mdogo wangu mche mmoja wa hii, angeupanda Salamabila, ungekauka kabla sahani za harusi hazijarudishwa kwa wenyewe.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji nikiyatazama makundi mawili, na nikaelewa kile nilichokisoma zamani bila kukielewa. Mwanga mwekundu mmea unaupenda sana, ni kuni nzuri kabisa za kupikia. Lakini kuni hufaa palipo na mafiga. Seli iliyolelewa chupani haina jiko bado, na anayeiambia ipange mafiga ni mwanga wa bluu. Zile za nyekundu nilikuwa nimezirundikia kuni kwenye nyumba isiyo na jiko. Zikarefuka, zikapendeza, zikashinda na njaa.

Nilirudi nyumbani nimepakata sufuria ya presha kwenye pikipiki ile ile.

"Mwalimu, humo umepika nini?" dereva akauliza.

"Migomba."

"Imeiva?"

"Imeiva sana."

Akacheka mpaka akapita geti letu ikabidi tugeuze.

Koko alifika jioni, mgongo unamuuma, akala, akalala bila kuuliza kitu. Aliuliza asubuhi, baada ya nikahi kusomwa msikitini, wakati bi harusi amekwisha kupambwa, pikipiki za Salamabila zinanguruma barabarani, na wanawake wa upande wetu wamejipanga uani wanawaka kwa wekundu kama pilipili zilizoanikwa. Taa za shangazi zilikuwa mlangoni, mchana kweupe, zinametameta. Koko alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti, na alikuwa hajavaa viatu, vilikuwa chini ya kiti. Sote tuliviona vile viatu. Mdogo wangu aliviona kuliko wote.

Nikamletea bokali kwa mikono miwili.

"Hii ni kitu gani?"

"Mgomba wako, koko."

"Mgomba hutoka kwa udongo. Huu umetoka kwa kopo ya nyanya."

"Umetoka kwenye moyo wa lile chipukizi lako."

Aliichukua akaisogeza karibu na uso. Mle ndani taa za mlangoni zilikuwa zinaitupia rangi, mara waridi, mara samawati. Akakunja midomo. Nilijua anachofikiri, maana hata mimi nisingeuamini. Mdogo wangu alikuwa ameshika pazia la mlango kwa ngumi.

"Humu ndani sioni," koko akasema. "Nani ananunua kitu ndani?"

Akasimama. Akatoka nje bila viatu, na wote tukamfuata. Akaenda hadi katikati ya ua, akaiinua bokali juani, akaigeuza, akaigeuza tena, taratibu, kama anayetafuta tundu la nondo kwenye kitenge. Kisha kidole chake kikasimama kwenye kioo.

Kwenye ukingo wa jani, lile lililokuwa limefunguka zaidi, kulikuwa na uzi mwembamba mwekundu. Sikuwa nimeuona. Kwa mwanga mwekundu usingeonekana, kwa bluu usingeonekana.

"Huu ni ukosi wake," koko akasema. "Wa mama yangu ulikuwa nao. Migomba ya wengine haina." Akamgeukia mama. "Ni yeye."

Akamwita mdogo wangu, akamwekea bokali mikononi, akaifunika mikono yake kwa mikono yake. Akaomba viatu. Watu watano walikimbilia viatu. Akamsindikiza hadi barabarani, polepole, na vigelegele vilipaa mpaka madereva wa pikipiki wakazima injini zao kwa heshima. Bwana harusi aliivua kofia yake ya pikipiki, akaiweka bokali ndani yake, akaikabidhi kwa mkewe, akaendesha kichwa wazi. Mdogo wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, amepakata kofia kama mtoto. Wakapotea kwenye kona.

Nikabaki nimesimama pale na macho yamejaa. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha tupu, ila ilikuwa na kale ka uchungu ka kubaki ninakokajua. Nikageuka kurudi kupanga sahani.

Koko alikuwa uani, ameinamia sufuria ya presha. Alikuwa anazitoa bokali zilizobaki moja moja, anaziinua juani. Akachagua moja, akanipa.

"Wako utaupanda wapi?"

"Koko, mimi sijaolewa."

"Nimekuuliza mume?" akasema. "Nimekuuliza utapanda wapi."

Niliishika bokali kwa mikono miwili. Shangazi, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno juu yangu, alitazama chini.

"Nyuma ya labo," nikasema. "Karibu na bomba."

"Kuna jua?"

"Lipo."

"Basi toka, nikusindikize."

Akanishika mkono. Tukatoka getini, mimi na bokali yangu, koko na viatu vyake, na nyuma yetu wale wanawake wote wekundu, wakaanza vigelegele upya, na ilikuwa mchana, na soko zima likasimama kutazama ni bi harusi gani tena huyu anayekwenda kwa miguu kuelekea shuleni.